Nyuzi Hamsini na Tano

Kazi yangu katika kituo cha kupozea umeme pale Same ilikuwa kuangalia afya ya transfoma. Kila saa nilisoma kipimo cha joto kilichofungwa ubavuni mwake, nikaandika nyuzi kwenye daftari na kutia saini. Siku moja mshale ukagoma kwenye hamsini na tano.

Tuliomba kipimo kipya. Miaka hiyo hata sabuni ilipatikana kwa kujuana, sembuse kipimo. Makao makuu walijibu kwamba vipuri hakuna, tuendelee na kazi.

“Andika kinachoonekana,” mkuu wa kituo akaniambia. “Daftari halikai tupu.”

Nikaandika hamsini na tano. Mchana, jua la Same likitaka kutukaanga, hamsini na tano. Alfajiri, upepo wa milimani ukitutetemesha, hamsini na tano. Ripoti zilikwenda kila mwezi na hakuna mkubwa aliyeshangaa. Hali halisi niliijua kwa kiganja. Niliigusa transfoma kama mama anavyompima mtoto homa, na ikichemka tulikata umeme mtaa mmoja ipumue, watu wakatutukana kama kawaida. Kiganja hakikuwa na safu kwenye daftari.

Kisha likaja soko huria, na pamoja nalo kupunguza wafanyakazi. Mtaalamu kijana mwenye tai alitumwa kutukagua.

“Shikamoo mzee,” alinisalimu kwa adabu, kisha akafungua daftari. Alifunua kurasa kwa furaha kubwa. “Miaka mitatu haijapanda wala kushuka! Mashine tulivu hivi inalindwa ya nini?”

Nikaona ugali wangu unaondoka. Nikasema ukweli. “Bosi, kipimo kimekufa siku nyingi. Naipima kwa mkono.”

“Imeandikwa wapi?”

Nilimtazama mkuu wangu. Mkuu akatazama milima ya Upare kana kwamba ndiyo kwanza imeota.

“Haijaandikwa,” nikasema.

“Basi kipimo ni kizima, mzee wangu.”

Barua ilinishukuru kwa kuitunza transfoma vizuri mpaka haihitaji mtu. Niliumia, na kilichoniuma zaidi ni kwamba kila saini iliyoniondoa ilikuwa yangu.

Nyumbani mke wangu aliisoma mara mbili.

“Sasa nani atakuwa anaigusa?”

“Hakuna.”

Hakunipa pole. Alichukua chupa, akaenda dukani kununua mafuta ya taa.