Fundo la Baba Chini ya Boneti

Saa tisa alasiri, boneti ya pikapu ya maziwa iko wazi, na fundi umeme wa magari ameinama ndani yake mpaka mabega hayaonekani. Taa ya mbele ya kushoto haiwaki. Dereva amekwisha kubadilisha balbu mara mbili, hali ni ileile.

"Kesho alfajiri nakwenda kuchukua maziwa," anasema. "Nikitoka na jicho moja, barabarani watanidhani pikipiki."

"Pikipiki yenye madumu," fundi anajibu bila kuinua kichwa.

Ana miaka hamsini na minne, lakini mtaani bado wanamwita Binti Fundi. Karakana hii ya mabati ilikuwa ya baba yake, na humu alijifunza kazi akiwa bado na sare za shule. Baba alifariki miaka kumi na tisa iliyopita.

Anaufuata waya kwa vidole. Nyuma ya betri mkono unasimama. Waya wa taa umeungwa hapo, na kiungo kimefungwa kwa ukanda mwembamba wa mpira wa baiskeli, wenye mafundo mawili mwishoni.

"Hii ni kazi ya baba," anasema taratibu. "Utepe wa dukani hakuupenda. Alisema ukipata joto la injini unalia gundi. Mama alikuwa akiuliza, hii baiskeli ina ugonjwa gani, mbona kila siku haina mpira?"

Dereva aliinunua pikapu hiyo mwaka jana, ikiwa imepita mikono mingi. "Basi ugonjwa si ndio huo, dada? Kata hilo kuukuu, unga upya."

Koleo liko mkononi. Kiungo cha zamani ndicho cha kwanza kushukiwa na fundi yeyote, naye hakatai. Ila magari mengi aliyoyatengeneza baba yake yalikwishauzwa vyuma chakavu, na tangu msiba hajakutana tena na kazi ya mkono wake.

"Tupime kwanza," anasema. "Mzee alikuwa akisema, koleo halina toba."

Anachukua taa yake ya kupimia, kijibalbu chenye nyaya mbili. Mmoja anaubana kwenye hasi ya betri, wa pili anaugusisha kwenye soketi ya taa kubwa. Kijibalbu kinawaka. Umeme umepita katika fundo la zamani na kufika salama.

Anacheka peke yake. "Mzee hana kesi."

Umebaki waya wa ethi, ule unaorudisha umeme kwenye bodi. Anafungua bolti yake. Chini yake kumeganda rangi ya buluu, nene na mpya.

"Rangi haipitishi umeme. Gari ulipaka lini?"

"Mwezi uliopita." Dereva anajishika kiuno. "Kumbe nimelipa nipofushwe."

Fundi anasugua kwa msasa mpaka chuma king'ae, kisha anakaza bolti. Taa inawaka.

Zamani karakana ilipokea magari sita kwa siku; sasa yakifika mawili ni heri, kwa kuwa mapya hupimwa kwa kompyuta. Hana mpango wa kufunga.

Kabla ya kushusha boneti, anaona waya wa honi umechubuka kando ya kile kiungo. Anakata ukanda wa mpira, anauzungusha, anafunga mafundo mawili.

"Siku moja fundo hili litafunguliwa na fundi mwingine," anasema. "Naomba awe mtu wa kupima kwanza."