Moshi wa Jikoni kwa Bibi Kabula

Juzi, nikipita Ngulyati, kijiji nilikokulia, nilinusa moshi wa mavi makavu ya ng'ombe, nikakumbuka mchana mmoja wa utoto wangu.

Mchana ule wanaume wenye marungu walijaa uani kwa Bibi Kabula, jirani yetu, wakidai macho yake mekundu ni ya uchawi. Katekista wetu alisimama mlangoni.

"Kabla hamjamgusa, kaeni naye jikoni mpaka ugali uive."

Waliingia wanne. Nilisikia wakikohoa, na mwiko ukigonga sufuria. Walipotoka, macho yao yalikuwa mekundu kama yake. Nikapiga yowe: amewaloga!

Wao waliweka marungu chini.

Leo najua ulikuwa moshi tu wa mavi ya ng'ombe aliyopikia. Kinachonishtua hadi sasa ni kwamba mimi ndiye niliyetumwa kwake kuomba moto siku chache kabla, nikarudi nyumbani nikisema, "Mama, yule bibi ana macho ya fisi."