Nyumba Ishirini na Nne za Kilimani

Nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa nilipoajiriwa ukarani wa siku kumi kwa nesi mmoja kutoka Iringa. Alikuwa Mhehe, mrefu, mwenye kicheko cha kusikika ng'ambo ya bonde. Tulitakiwa tujue kuna watoto wangapi wa chini ya miaka mitano katika vilima vya juu ya Iyunga, ili iletwe chanjo ya ndui ya kuwatosha. Dawa ile haikuwa ya kuweka. Ikizidi inaharibika, ikipungua akina mama wanateremka mlima bure.

"Dada, tutawahesabu wote?" nilimuuliza.

"Watu wawili, na mvua hii? Tutauliza nyumba chache. Ila hatutazichagua sisi."

Tuligawana vilima, tukapita na chaki tukiandika namba milangoni, nyumba mia mbili na arobaini. Kisha tukakaa uani kwa jumbe, tukakata vikaratasi vyenye namba zilezile, tukavitia kwenye chungu na kukitikisa. Mke wa jumbe alifumba macho akatoa vikaratasi ishirini na vinne, kimoja kimoja, mbele ya watu.

Jumbe alikuwa na nyumba kubwa yenye watoto na wajukuu tele, na kila karatasi ilipotoka alinyoosha shingo. Namba yake haikutoka.

"Kura imekosea," alisema. "Rudieni."

"Mzee wangu, tukirudia mpaka nyumba yako itoke, hiyo si kura tena."

Alikasirika. "Basi siku ya chanjo nitasimama mwenyewe na kikapu cha mahindi. Kila mtoto, punje moja. Tutaona nyumba ishirini na nne zinajua nini!"

Kazi yenyewe niliipenda. Nyumba moja mama alikataa katakata kutaja idadi ya watoto wake, maana watoto si mbuzi wa kuhesabiwa. Lakini majina yao aliyataja kwa furaha, na kila jina nikalichorea mstari.

Siku ya tatu nikafika chini ya nyumba namba mia moja thelathini na moja. Ilikuwa juu kabisa, ng'ambo ya korongo, na njia ilikuwa tope tupu. Mama mmoja wa nyumba ya chini aliniita ndani nijikinge mvua. Alikuwa na watoto wadogo sita na sufuria ya viazi vya moto. Nikala, nikaota moto, miguu ikawa mizito. Nikajiambia nyumba ni nyumba tu. Nikaandika: mia moja thelathini na moja, watoto sita.

Jioni nesi alisoma daftari langu. "Hii ya juu kabisa," akauliza, "mlango wake unatazama wapi?"

Nikamweleza yote, hata vile viazi. Masikio yalinichoma kwa aibu. Nilitegemea kufukuzwa kazi, lakini yeye alicheka mpaka akajifuta machozi. Halafu akanipa kifutio. "Futa hiyo sita. Kesho asubuhi unapanda."

Nilipanda, nikianguka mara mbili. Juu niliwakuta wazee wawili, babu akisuka kikapu, bibi akipembua maharage.

"Hapa hakuna mtoto, mwanangu," bibi alisema. "Wetu ni watu wazima, wako Tukuyu. Umepandia nini mlima wote huu?"

"Nimekuja kuandika sifuri, bibi."

Akanitazama kama nimelewa. Nikamweleza kwamba tukiuliza nyumba zenye watoto peke yake, tutadhani vilima vyote vimejaa watoto, tuagize dawa ya kumwaga. Alimgeukia mumewe akamweleza kwa Kinyakyusa, wakacheka wote wawili. Kisha akasimama nyuma yangu aione sifuri yake ikiandikwa. "Ndaga," alinishukuru, kama vile nimempa kitu.

Nyumba zote ishirini na nne zilitupa watoto arobaini na watatu. Tuliuliza nyumba moja katika kila kumi, kwa hiyo tukazidisha kwa kumi: mia nne na thelathini. Nesi alisema hesabu ya namna hii haipigi palepale, huenda juu au chini kidogo, akaagiza dawa ya watoto mia nne na themanini.

Siku ya chanjo vilima viliteremka. Vilio, vicheko, mikono midogo kila mahali. Jumbe alisimama na kikapu chake tangu asubuhi mpaka mtoto wa mwisho, hata kula hakula. Akahesabu punje mara mbili.

"Mia nne arobaini na sita!" alitangaza. "Mmekosea kumi na sita!"

"Kumi na sita tu, mzee," nesi alijibu.

Jumbe alifikiri kidogo. Kisha akamgeukia mkewe, uso umekunjuka. "Mke wangu huyu," aliwaambia watu, "ana mkono mzuri."

Baada ya mwezi nesi aliniita Iringa. Tulifanya kazi pamoja miaka mitatu, kutoka Tosamaganga hadi kwa wakulima wa vitunguu wa Ruaha Mbuyuni, na hakuna hata mara moja aliyonitajia vile viazi.