Samaki Watano wa Beatha

Beatha alihamia Johannesburg mwaka 1995, akimfuata mumewe Mthunzi, aliyerejea kwao baada ya kuishi uhamishoni Morogoro kwa miaka mingi. Walipanga nyumba katika mtaa wa Observatory, naye akaendelea na ushonaji, kazi iliyowalisha. Lakini kazi aliyoipenda ilikuwa nyingine: kuvua perege kwa ndoana, kama alivyofundishwa na bibi yake kwenye bwawa la shamba la mkonge. Kwa miaka saba hakugusa maji yoyote ila ya bomba.

Mwaka 2002, Pacifique, Mkongo aliyelinda lango la bwawa moja mashariki mwa jiji, alimletea suruali ya kupunguza, na habari pia. Bwawa lile lilikuwa na uzio, na asiye na kadi ya chama cha wavuvi hakuingia. Chama kilipokea wanachama wapya siku moja tu kwa mwaka. Mwombaji alitakiwa kuvua samaki watano na kuwafikisha kwenye mizani kabla ya saa sita mchana.

"Watano tu?" Beatha alicheka. "Hicho ni kitoweo cha paka!"

Jumamosi ya majaribio alifika mapema akiwa na ndoo, kisu, chumvi na ndoana moja ndogo ya dukani. Bwawa lilijaa blugili, samaki bapa wapana kama kiganja, wenye doa jeusi nyuma ya shavu na vinywa vidogo mno. Walipenda sana nyambo, minyoo ya chambo. Ilipofika saa nne na nusu, Beatha alikuwa na watano. Akafanya kama ambavyo mtu yeyote aliyelelewa vizuri angefanya kabla ya kupeleka samaki mbele za watu: akawaparua magamba, akawatoa matumbo, akawapaka chumvi na kuwapanga kwenye sahani yake ya maua.

Chris, katibu wa chama, aliitazama sahani ile, kisha akaitazama mizani. Pacifique akakimbia kutoka langoni.

"Eish, Mama Beatha! Hapa samaki banamupima muzima. Kisha banamurudisha mu maji."

"Kumrudisha? Kwani nilimwazima?"

"Mama, mimi si mwenye sheria. Mimi ni wa lango."

Chris alieleza kwa upole kwamba samaki waliokufa hawahesabiki. Hata hivyo, muda ulikuwa bado. Angeweza kuanza upya. Akishindwa, asubiri mwakani.

Beatha alirudi ukingoni mbiombio. Katika haraka hiyo ndoana ilinasa kwenye matete, akavuta kwa nguvu, mshipi ukakatika. Ndoana ya pili hakuwa nayo. Alisimama akiyatazama maji, mkono umeshika ukosi wa blauzi, na hapo vidole vikagusa pini zake za kushonea, ambazo hakuwahi kutoka nyumbani bila kuwa nazo. Akachomoa moja, akaipinda kwa meno, akafunga mshipi chini ya kichwa cha pini.

Pini haina kijino cha kumzuia samaki. Wa kwanza aliponyoka, wa pili pia. Wa tatu Beatha hakumpa nafasi: alikaza mshipi bila kuulegeza, kama uzi wa cherehani, mpaka samaki akaingia kwenye ndoo yenye maji. Saa sita kasoro dakika tano walikuwa wanne.

"Mama, vuta!" Pacifique alipiga kelele, lango amelisahau.

"Nyamaza, utamfukuza!"

Wa tano alitua ndooni filimbi ya kumaliza muda ikiwa tayari mdomoni mwa Chris.

Samaki wa Beatha walikuwa wepesi kuliko wa waombaji wengine wote. Chris alimfungua kinywa mmoja baada ya mwingine, kisha akaomba kuiona ndoana. Aliigeuzageuza ile pini kiganjani.

"Hakuna hata mmoja aliyejeruhiwa," alisema. "Utatufundisha kuzipinda?"

"Leteni pini zenu," Beatha akajibu, akipokea kadi yake.

Aliiinamisha ndoo majini. Wanne walitoweka mara moja. Wa tano alibaki kidogo karibu na mkono wake, naye akamsukuma kwa kidole.

"Nenda basi. Jumamosi nitakuja, nina kadi."

Nyuma yake Pacifique alikuwa ameishika sahani ya maua kwa mikono miwili.

"Na hawa, mama? Hawa nao banarudi mu maji?"

"Hao wamekwisha tiwa chumvi, baba. Tafuta mafuta."