Misa ya Shukrani kabla ya Mechi

Jumatano, kwenye ofisi ya parokia yetu, mbele yangu alisimama mzee mmoja amevaa jezi ya timu ya mji. Jumamosi timu inacheza mchujo pale Kirumba. Ikifungwa, inashuka daraja.

"Shikamoo, mzee. Unaombea nini?" akauliza katibu, binti mwenye miwani.

"Marahaba. Niandikie misa ya shukrani, Jumapili. Timu imebaki ligi kuu."

"Si bado hamjacheza?"

"Tumeshashinda, mwanangu. Kilichobaki ni refa kupuliza filimbi."

Katibu akafungua daftari, akachukua kalamu ya wino. Mzee akaitazama ile kalamu, akavua kofia taratibu.

"Andika kwa penseli."

Mimi nilikuwa nimekwenda kuandikisha ndoa ya mpwa wangu. Bwana harusi namfahamu, kwa hiyo nikaomba penseli ileile.