Gauni la Harusi na Njia Mbili za Muleba

Wakati wa Mwingereza nilikuwa dereva wa lori la duka, Bukoba mpaka Muleba, siku nyingine hadi Kimwani. Shule nilisoma miaka miwili, nikaikimbia kwa sababu ya mwalimu mwenye kiganja kizito, lakini hayo tuyaache. Ramani sikuwa nayo. Nilitegemea watu wa baiskeli walioleta ndizi mjini. Nasimama Rwamishenye, mji unapoishia, namuuliza anayetoka huko, ndipo naamua: bondeni au mlimani. Bondeni ni karibu, ila kuna daraja la magogo. Mlimani ni mbali, na mvua ikinyesha panateleza kama sabuni.

Jumamosi moja, juu ya magunia ya chumvi, nilibeba sanduku lenye gauni la bibi harusi, limeshonwa mjini. Ibada Muleba, saa sita. Na mdogo wake huyo bibi harusi ndiye niliyekuwa nimemposa. Mshenga nilishatuma, baba yao alikuwa hajajibu. Gauni likichelewa, nimekwisha.

Mvua ilikuwa imenyesha sana. Rwamishenye nikamkuta mzee na baiskeli yake, mikungu minne. Nikamwita tata, yaani baba, kama ilivyo kwetu.

"Shikamoo, tata. Habari za njia ya bondeni?"

"Marahaba, mwanangu. Nzuri."

Nikakanyaga mafuta. Nyuma nikamsikia anapiga kelele, nikampungia mkono. Nilidhani ananitakia safari njema.

Mtoni daraja hakuna. Yalibaki magogo mawili, na ndege mmoja juu yake ananitazama. Kugeuza lori kwenye tope lile nisikuelezee. Kiatu changu kimoja kiko huko mpaka leo.

Nikarudi. Mzee yupo palepale, amekaa kwenye jiwe, anatafuna kahawa, zile punje kavu za kuchemshwa.

"Tata, ulisema njia nzuri!"

"Nilikuwa naitikia salamu. Nani anaanza na msiba? Wewe ukaondoka na nusu ya jibu. Haya, niamkie vizuri."

Jua linapanda, mimi naamkia. Tukaulizana wa nyumbani, ng'ombe, migomba iliyoangushwa na upepo, jino la shemeji yake. Akanipa kahawa nami nikatafuna. Ndipo akasema: "Pita mlimani, ila ukifika kanisa la huko juu usinyooke, udongo umeporomoka. Kata kulia, katikati ya mibuni. Na chumvi iache hapa dukani, la sivyo lori halipandi."

Nikashusha chumvi, nikaenda kama alivyosema. Nikafika saa nane. Wageni walikuwa wameimba kitabu chote cha nyimbo, wameanza upya. Bibi harusi akaninyang'anya sanduku bila hata salamu. Baba yao akatazama mguu wangu usio na kiatu.

"Umekwama wapi?"

Ningeweza kuisingizia mvua. Mdomo wangu ukasema yote, mpaka jino la shemeji. Wazee wakacheka hadi mmoja akapaliwa. Baba yao hakucheka.

"Mtu asiyeweza kumsubiri mzee amalize neno moja," akasema, "binti yangu anayeongea kutwa nzima atamwezaje?"

Mlangoni, binti mwenyewe akadakia kwa heshima zote, amebeba sinia la ndizi:

"Waitu tata, mimi nikianza kuongea nitakuwa nimeficha ufunguo wa lori."

Hapo na baba yao akacheka, akafuta macho kwa mkono wa kanzu. Jumatatu mshenga wangu akaitwa.