Nebula ya Imelda kwenye Printa ya Ambilikile

"Mkoa mzima wa Songwe, picha za nebula napiga mimi peke yangu!" Ambilikile aliyatangaza hayo harusini Tunduma, kashika maiki, maharusi wanasubiri kukata keki. "Akijitokeza mwingine, mleteni nimkague."

Watu wakapiga makofi. Nusu yao walidhani nebula ni aina ya ndege.

Hakuwa mwongo kamili. Alikuwa fundi wa picha za pasipoti, na kwa akiba yake alinunua darubini ndefu kama bomba la maji, akaifunga kamera mkiani. Tatizo aliisimika juu ya paa la studio, jirani na foleni ya malori yanayowasha taa hadi asubuhi na kufifisha nyota. Nebula, yaani wingu lile la gesi na vumbi linalokaa huko katikati ya nyota, kwake lilitoka kama chai ya maziwa iliyomwagika. Akalitundika dukani. Nani angembishia?

Ndipo akaja Imelda, binti wa wakulima wa kahawa wa Hasamba, na picha yake kwenye flashi ya kompyuta. Anataka kuprintiwa picha ya kutundika ukumbi wa kanisa.

Ambilikile akaifungua, roho ikamuuma papo hapo. Wingu lile lile, ila jekundu, limepasuliwa katikati na ufa mweusi, nyota zimetapakaa kama mchele.

"Umetumia darubini gani?"

"Sina darubini, kaka. Kamera ya mtumba na mbao mbili, nimeziunga kwa bawaba ya mlango. Nazungusha bolti taratibu, kamera inafuata nyota. Napiga picha nyingi, kompyuta inaziunganisha."

"Mlango gani?"

"Wa choo."

"Sasa chooni mnafanyaje?"

"Tunakohoa."

Akamwambia arudi kesho. Alipobaki peke yake aliikodolea macho ile picha, akilaani giza la shambani Hasamba linalowapa watu sifa za bure. Kisha akaipitisha kwenye programu anayoondolea chunusi za wateja. Nyota zikafutika. Baadaye alidai ni mazoea ya mkono, lakini mkono ule ulijua kabisa kwamba hicho si kidevu cha dereva.

"Nyota zangu ziko wapi?" Imelda aliuliza kesho yake.

"Nimesafisha, mdogo wangu. Zilizidi."

"Kaka, umeninyolea mbingu!"

Yassir, dereva aliyekuwepo harusini na sasa akisubiri picha ya pasipoti, akachungulia ile ya flashi kwenye skrini, akatazama ya ukutani, akaangua kicheko. "Bosi, si ulisema aletwe umkague? Huyo kajileta. Mkague!"

Ambilikile akaprinti upya, nyota zote. Karatasi ilitoka polepole, na kila kipande kilichojitokeza kilizidi kumchoma. Akauona akilini ukumbi wa kanisa umejaa watu wale wale wa harusini, wameinua shingo.

"Niuzie hii," alisema kwa sauti ya chini. "Kanisani usipeleke."

"Utaitundika hapa dukani?"

Ambilikile akajifanya anatafuta mkasi.

Imelda akamtazama, akaelewa anataka kuificha.

"Ya kutundika ni elfu thelathini," alisema. "Ya kuficha, laki moja na nusu."